Timazi

Bi Jagna alinionyesha bafu kama mtu aonyeshavyo kidonda:
akawasha taa, kisha akatazama pembeni.
"Nililinunua hivihivi," akasema. "Nilidhani ni macho yangu."
Ghorofa ya nne, Łódź, Februari;
tramu inapita chini, miswaki inatetemeka ndani ya glasi.

Si macho yake.
Mistari ya vigae ilitoka mlangoni na akili timamu,
ikafika kwenye sinki imelewa,
na kule dirishani fundi fulani
alikata vipande vyembamba kama kucha,
akavisukumiza penye pengo, akajaza saruji, akaenda zake.
Kazi ya kulipua. Bora liende.
Niligonga kwa kifundo cha kidole:
kimoja kikajibu, viwili vikaguna,
safu nzima nyuma ya bomba ilikuwa mvungu,
ngoma isiyo na sherehe.

Nikatundika timazi.
Uzi hauna adabu, hauamkii mtu.
Ulisimama wima, ukuta ukarudi nyuma peke yake:
sifuri chini, sentimita tatu na nusu juu.
Bi Jagna akaingiza vidole katika ule uwazi,
kimoja, viwili. Viwili vikaenea.
"Alaaniwe aliyefanya haya," akasema,
nami nikamsaidia kulaani,
maana kila fundi hufungua kazi
kwa kumtukana fundi aliyemtangulia.
Ndiyo bismillahi yetu, hata huku.

Kesho yake nikavibandua.
Havikugoma. Vilidondoka kama vilikuwa
vikingoja ruhusa tu.
Nyuma ya safu ya tano, juu ya lipu ya kijivu,
hesabu ya penseli:
214 na 38, jibu 242.
Na ile nne, iliyo wazi juu,
mguu wake umekunjwa kama kiti kibovu.
Mama alinichapa kwa nne hiyo.
Chini yake: Z.K., Ijumaa.

Nikakaa juu ya ndoo.
Mabafu mia ya mwaka ule,
mlango mpya, rangi mpya, utalijuaje moja?
Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, wakiniita Zenek;
nilikuwa na treni ya saa kumi na mbili jioni ya kwenda Koluszki
na msichana ambaye leo jina lake
nalitafuta kama bisibisi iliyoanguka nyuma ya kabati.
Ukuta niliuona umepinda.
Hilo ndilo.
Niliuona, nikasema: vigae vitausitiri.

Bi Jagna akaja na chai, akasoma ukutani.
"Ona, hata kujumlisha hajui."
Ningeweza kunywa chai.
Mwiko ulikuwa mkononi, lipu mbichi kwenye ubao,
mkono mmoja tu, swaa, hesabu imezikwa.
"Ni mimi," nikasema.
Akaitazama ile nne, akanitazama mimi,
akaitazama nne tena, kama anayelinganisha picha na kitambulisho.
Tramu ikapita.
"Na hii," akauliza, "unaimaliza siku gani?"
"Jumatano."
"Ifanye Alhamisi," akasema. "Usikimbie."

Basi nikasimamisha reli mbili za bati,
nikarusha lipu, nikaivuta kwa rula ndefu
kutoka chini kwenda juu, polepole,
ikanenepa pale palipokosa, ikakonda pale palipozidi,
mpaka uzi na ukuta vikakaa pamoja
bila hata nafasi ya ukucha.
Ile hesabu sikuifuta. Niliandika pembeni 252,
kisha nikaifunika.

Ila unyoofu una gharama yake:
bafu limepungua sentimita tatu na nusu,
na mashine ya kufulia haipiti tena.
Nilipima mara tatu. Nikamwambia.
Sasa iko koridoni, karibu na viatu,
na inapokamua nguo ghorofa nzima inajua.
Nilikata bei; akanirudishia nusu ya nilichokata,
akisema nusu ile ni ya Alhamisi.