Wati Tisa

Oktoba, Katuba. Mabati yanalia juani,
na kabatini, chini ya sufuria za arusi,
mashine yangu inahema kama mtu aliyepanda ngazi na gunia.
Ndani yake wamelala maharusi wote wa mtaa,
picha za miaka kumi na moja:
Kabange na meno yake, mapacha wa Kapinga waliohamia Kolwezi,
na wafu wachache ambao bado wanatabasamu.
Wati arobaini na mbili, usiku na mchana.
Mita inatafuna yuniti kama mchwa mwenye zamu.

Nikaifungua Jumapili, badala ya misa.
Vumbi jekundu, lile lile la barabarani,
limejishonea blanketi juu ya feni.
Nikapuliza. Nikapiga chafya. Nikaomba radhi.
Chini ya feni, kibao cha shaba,
nikacheka peke yangu:
wewe, uliondoka hapa ukiwa jiwe,
ukapita tanuru alilokuwa akililisha marehemu baba,
ukavuka bahari,
leo umerudi umenyooshwa, una bei,
kuja kunipozea kabati!
Nikakipangusa, nikakipaka dawa mpya ya kijivu
kadiri ya punje ya mchele. Si zaidi.

Kadi ya picha, niliyoinunua kwa fahari, nikaing'oa;
nani anatazama sinema kabatini?
Diski mbili nikaziambia: laleni,
mteja akibisha nitawaamsha.
Na ubongo wenyewe nikaupunguzia mwendo.
Haraka ya nini? Arusi imekwisha,
bibi harusi hakimbii tena.

Thelathini na moja.
Kumi na tisa.
Tisa.
Niliiandika ukutani kwa kaa,
kando ya alama za urefu wa watoto.

Juni ikaingia na baridi yake kavu, ile ya kupasua midomo.
Alfajiri nikamkuta Mujinga mbele ya kabati,
beseni la unga wa mikate mikononi,
unga umelala bapa kama godoro la hospitali.
Kumbe miaka yote hii
chachu yake ilikuwa ikiumukia juu ya mashine yangu.
Akagusa bati kwa kiganja, mara mbili,
kama anayepima homa.
"Baba Numbi, huyu umemuua?"
"Anapumua," nikasema. "Polepole tu."
Hakujibu. Akalifunika beseni kwa kitenge,
akaenda kulilaza kitandani,
upande wangu, uliokuwa bado na joto.