Dole Gumba

Shairi langu lina herufi mia mbili na tatu
na kila herufi ni nyuki.
Nimelitengeneza usiku, kwa miezi miwili,
kwenye kompyuta ya steshenari, Isevya,
nikishamaliza kuchapa mitihani ya watu
na barua za kuomba kazi.

Ukilifungua, kishikwambi ni cheupe.
Kisha k inatokea pembeni, inamtafuta e.
m inazunguka juu ya a, haitui.
Zinavuma bila sauti
(spika ilikufa tangu masika),
zinajipanga, zinakaribia kuwa neno.
Ukigusa, zinatawanyika.

Nililitega hivyo makusudi.
Nilitaka msomaji aliharibu kwa mkono wake
na ajue ni mkono wake.

Mwalimu Sitta alikuja kutoa nakala.
Akavaa miwani. Akagusa. Akagusa.
"Vina viko wapi?"
Vinaruka, mwalimu.
"Na mizani?"
Inategemea kidole.
Akalipa, akaacha chenji mezani
kama mtu anayetoa rambirambi.

Wanafunzi wa chuo walilifanya gemu,
wakashindana nani atazitimua upesi.
Ukikiacha kishikwambi muda wa kuchemsha chai
herufi hutua zenyewe,
lakini nani huacha kioo kinachong'aa?
Hakuna aliyefika mstari wa pili.
Hata mimi nilianza kuusahau.

Jumanne akaingia Misana, mrina asali wa Sikonge,
ndoo mbili, na simu iliyoisha chaji.
Moshi umo shatini mwake hata likifuliwa.
Akaketi kungoja. Akakiona kishikwambi.
"Hawa wanatafuta mzinga," akasema,
wala sikuwa nimemwambia kitu.

Akaweka dole gumba.
Dole la sugu, lililobabuka kwa vienge,
lililodungwa miiba hadi likaacha kuhesabu.
Kioo hakikumtambua.
Akabonyeza. Hakikumtambua.
Nikainuka nikifute, nimwombe radhi,

zikatua.

Moja moja, kando ya kucha,
juu ya kivuli cha mkono wake,
kama vile hapakuwa na mtu.
Naye akasoma kwa silabi,
polepole, kama anayepanda mninga kwa kamba:
ma-ma a-li-on-do-ka
mi-o-mbo i-ki-to-a
ma-ja-ni me-ku-ndu

"Ya mwaka jana hiyo?"
Ya mwaka juzi.
Akahesabu kichwani.
"Mwaka juzi asali ilitoka chungu kidogo.
Tulidhani ni maua."

Akasoma hadi herufi ya mwisho, dole halijaondoka.
Mimi nikijifanya napanga karatasi
ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Sikumtoza ya chaji.
Aliniachia chupa ya maji iliyojaa asali,
na kwenye kioo, alama nata ya dole
ambayo nyuki, mpaka leo nikilifungua shairi,
wanapita juu yake
kana kwamba wanaijua.
Sijaifuta.