Kupwa

Dorsila, unauliza nilikuletea nini kutoka Uhispania.
Sabuni ulishapewa. Kitambaa cha kichwa ulishapewa.
Kilichobaki ni neno moja, nalo si la kwao.

Lilikuwa letu tangu darasa la sita, shule ya Nanga:
mwalimu Ogweno akisema, "Maji yakijaa..."
nasi watoto hamsini, vumbi magotini, "Hupwaaa!"
Tukapata alama. Hakuna aliyeuliza ni maji gani.
Ziwa lililokuwa likipumua nyuma ya vyoo vya shule
halikuwa na habari na methali hiyo.

Aloo alinipokea na koti. Mwezi wa saba, koti!
Mvua ya kule hainyeshi, inanung'unika,
si kama yetu, ya kushuka saa kumi na kumaliza maneno.
Tukafuata pwani kwa basi: Bilbao, Santander, Gijón,
mengine niliyajua kwa wino kabla ya kuyajua kwa miguu.
Miaka kumi na minane nilibandika lebo kiwandani,
vidole vimekufa ganzi kwa barafu,
minofu ya mbuta kwenda Bilbao, kwenda Gijón, kwenda Vigo,
nikidhani ni wazee watatu wenye njaa isiyoisha.

Sokoni Gijón nikamwona. Mbuta.
Kachunwa ngozi, kalazwa juu ya barafu, bei yake karo ya muhula.
Nikamwinamia, nikamwambia, "Oyawore."
Muuzaji akacheka. Aloo akaona haya, akanivuta mkono.
Wewe ungefanyaje, ukimkuta mtu wa kwenu ugenini
hana kichwa, hana mifupa?
Mifupa tulibaki nayo sisi,
mgongo wazi, tukaikaanga Obunga.

Mzee mmoja akatumiminia pombe ya matofaa
kutoka juu ya kichwa hadi glasi iliyo usawa wa goti,
nusu ikanywewa na sakafu.
Nikajua, nao wana wafu wao.
Aloo akasema, hapana mama, ni ili itoe povu.
Sawa. Povu.

Lakini neno. Neno nililipata Ribadeo,
kwenye ufuo wanaouita wa Makanisa: miamba imejikunja matao,
kana kwamba Kit Mikayi aliita dada zake wote
wakaja kupiga magoti.
Njiani wamebandika karatasi ya saa, kama ratiba ya treni:
bahari inaondoka saa hii, inarudi saa ile.
Nikadhani wananitania.
Tukasimama juu, nikaiona ikiondoka.
Ilikunja mkeka wake taratibu,
ikaacha mchanga, kaa wawili, kiatu cha mtoto,
na nguzo za kanisa zikichuruzika.
Tukashuka. Nikatembea, kwa viatu hivi hivi unavyoviona,
palipokuwa chini ya maji wakati wa chai ya asubuhi.
"Hupwa," nikasema kwa sauti. Mwalimu, hupwa.
Miaka sitini na mmoja, ndipo daftari langu likasahihishwa.

Halafu nikakukumbuka wewe,
na mwaka ule ziwa lilipopanda,
likaingia jikoni kwako bila hodi,
likachukua mafiga, kabati, mpapai wa mlangoni,
likaketi.
Tulichora mstari wa chokaa ukutani,
tukasema kesho, tukasema Jumapili,
tukajifariji kwa methali ya Ogweno.
Sasa kambale wanazaa chini ya kitanda chako
na wewe unalipa kodi Nyalenda.

Ile karatasi ya saa niliibandua, Aloo asione.
Iko hapa mkobani, imekunjwa mara nne.
Twende Dunga, tukaibandike kwenye ukuta wako uliobaki,
upande unaotazama maji.
Ziwa letu halikupitia shule ya Nanga.
Leta gundi.