Hata Askofu Angenasa

Theluji ya kwanza iliposhuka Bohinj
panya naye alishuka, akapitia tundu la bomba,
hakubisha hodi.
Paka wetu alikuwa amekufa tangu kiangazi,
na yale yasemwayo juu ya paka akiondoka
yakatimia kwenye droo ya vijiko:
vinyesi vyeusi, vyembamba,
kama punje za mchele ulioungua.

Baba mkwe wangu, Gašper,
miaka arobaini na miwili akigandisha maziwa ya watu,
alikata kipande cha jibini la mwaka juzi.
Alikinusa kwanza, akafumba macho
kama mtu anayemwoza binti yake.
"Kwa hili," akasema, "hata askofu angenasa."

Kulipokucha mtego ulikuwa wazi vilevile.
Jibini lilikuwa palepale, limetoka jasho.
Panya alikuwa amepita kando,
akaenda kula pembe ya sabuni.

Sabuni!
Siku hiyo mzee hakugusa chai.
Usiku wa pili aliweka jibini la mbuzi,
wa tatu lile lenye harufu ya viatu vya mlinzi,
wa nne akaapa kwamba panya huyu si wa bondeni,
kavuka milima kutoka kwa watu wasiojua kula.
Nilinyamaza. Mkaza mwana hujifunza kunyamaza
kabla hajajua chumvi inakaa wapi.

Kwenye foleni ya posta Mihaela aliniambia,
akilamba stempu:
unamtegea chakula chako, si chake.
Mnono humpuuza. Muulize amepungukiwa nini.
Tena chambo kiwe kidogo, mwenzangu,
kiasi cha dengu;
ukiweka kikubwa umemwandalia karamu,
atakula ukingoni na kukuachia sahani.

Nikapaka siagi ya karanga kwa ncha ya kiberiti.
Alilamba mtego ukang'aa kuliko ulivyotoka dukani,
kamani haikushtuka.
Nikayeyusha chokoleti, nikaibandika kwa moto wa mshumaa.
Aliitafuna kwa subira, kama fundi saa.

Ndipo nilipofungua kabati la juu
kutafuta blanketi la mtoto,
nikaiona shali ya marehemu Rozalija,
mama mkwe nisiyemkuta,
imenyofolewa mishono upande mmoja,
nyuzi zimetoka, nyingine hazipo kabisa.
Nikaelewa. Hakuwa na njaa.
Alikuwa jike, tumbo limemjaa,
na nje baridi inapasua mawe.

Nilimwonyesha mzee. Sikujua nitaanzaje.
Aliishika shali muda mrefu,
akavuta uzi mmoja wa sufu, wa rangi ya cheri,
ukaja polepole, ukiacha njia tupu.
Akaufunga mwenyewe kwenye ulimi wa mtego,
mafundo matatu,
vidole vile vilivyozoea kufunga vitambaa vya maziwa ya mgando.
Juu yake akasugua kiini cha jozi,
mafuta tu, pasiwe na cha kubeba.
"Sasa auvute," akasema.

Saa kumi alfajiri, pa!
Nyumba nzima ilisikia, hata mtoto.
Nilimkuta jikoni peku, taa haijawashwa,
ameshika mtego kwa mikono miwili.
Alitoka hadi kwenye theluji ya uani, akakawia.
Aliporudi mtego ulikuwa mtupu,
uzi haukuwepo,
na mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni
na haukutoka.

Kwa mkono wa kushoto alivuta ubao,
akakata lile jibini la mwaka juzi, pande nene, la kupinda,
akala amesimama, akitazama dirisha.
Nilisubiri aseme neno juu ya Rozalija,
au juu ya vile ambavyo huenda vilikuwa ndani ya tumbo lile.

"Hata hivyo," akasema, mdomo umejaa,
"jibini ni zuri."