Sifuri ya Ijumaa

Daftari langu limelowa chai upande mmoja.
Jumatatu: Mkwakwani, mizunguko kumi na miwili.
Jumanne: Raskazone na kurudi, polepole.
Jumatano: barabara ya Pongwe, kilomita kumi na nane.
Alhamisi: mlima, mara sita.
Ijumaa: sifuri.

Nyamvula anaichukia sifuri hiyo.
"Mwalimu, wenzangu wa Arusha hawalali."
Namwambia wanalala.
Namwambia hata saa ya ukutani
hutiwa ufunguo, haipigwi nyundo.
Hacheki.

Kabla yake nilikuwa na Singano.
Miaka hiyo nilikuwa na filimbi, na nusu ya methali.
Kila alfajiri, kando ya reli, nilipayuka:
Mchumia juani! Mchumia juani!
Naye akachuma.
Asubuhi kilima cha Maweni, jioni mchanga wa Sahare,
na aliposema muundi unauma, nilimjibu
maumivu ni mgeni, mpe kiti, ataondoka mwenyewe.
Hakuondoka.
Pale Bombo daktari akaiinua picha kwenye mwanga:
ndani ya mfupa, ufa
mwembamba kama singa moja ya mkonge.
Nusu ya pili ya methali ikatimia bila mimi kuitamka.
Singano alilia kivulini,
nyuma ya kibanda cha fundi baiskeli,
na sikuwa nimemwekea chakula.

Leo anatengeneza simu Barabara ya Kumi na Mbili.
Hunisalimu vizuri. Hilo ndilo linaloniuma.

Na mimi ni mtoto wa kambi ya mkonge!
Kabla sijaota ndevu nilijua
mkataji huuachia mmea kichwa chake,
majani ya juu hayaguswi,
kisha shamba huachwa, miezi, hata kama mashine ina njaa.
Ya mmea niliyajua.
Ya mtoto wa mtu, sikuuliza.

Sasa nahesabu.
Kabla hajashuka kitandani, Nyamvula huweka vidole viwili shingoni,
kisha hunitumia namba.
Hamsini na moja. Hamsini. Hamsini na mbili.
Alhamisi ile: sitini na tatu,
na chini yake, "niko fiti, mwalimu."
Mapigo hayajui kupamba barua.

Ijumaa jioni nikapita kwao Makorora.
Viatu vimeanikwa juu ya ukuta,
vimesuguliwa kwa brashi na sabuni,
lakini vumbi la chokaa la Kiomoni
halitoki kwa mfuo mmoja.
Akaniona nikiona.

Sikupiga kelele. Filimbi niliitupa zamani.
Nilivifunga viatu kamba kwa kamba,
nikavitia kwenye kapu la baiskeli, juu ya mkate wa mofa.
"Kesho nikimbie na nini?"
"Na usingizi."
Akafunga mlango kwa nguvu, kisha akaufungua tena
akaomba radhi kwa mama yake, si kwangu.

Usiku nikafuta sifuri, nikaandika kumi na nne.
Daftari likianza kusema uongo
nitabaki na methali tu.

Jumamosi, mama mtu akapiga simu, ananong'ona:
amelala hadi adhana ya adhuhuri, mdomo wazi,
kuku wanapita juu ya mkeka wake.
Ameamka, amekula muhogo wa nazi sahani mbili,
amelala tena.
"Anaumwa?"
"Hapana, mama. Anafanya mazoezi."

Jumapili akaja kwa miguu, na kandambili.
Hamsini na sita.
Si mbaya. Si hamsini.
Nikafikiri, nikaingia ndani,
nikamletea kiatu kimoja.

Alikitazama, akanitazama,
akacheka hadi akakaa chini kizingitini,
mara ya kwanza mwezi huu.

Cha pili kiko hapa mezani,
kimekalia ukurasa wa wiki ijayo
ili upepo usiufunue mapema.