Saidi wa Kwenye Boksi

Katumba, mwezi wa tatu, mvua haipigi hodi.
Ijumaa nilirudi nyumbani na kibao shingoni,
kipande cha mbao na kamba ya katani,
kwa kuwa nilimwambia Ambakisye "niazime rula"
na Mwalimu Mwandambo alikuwa dirishani.
Kimeandikwa neno moja jekundu la Kiingereza.
Sikulijua. Nililibeba tu,
kilomita tatu katikati ya chai.

Darasani vitenzi husimama ubaoni
kama askari wa gwaride:
nilienda, naenda, nitaenda,
na hakuna hata kimoja kinachokwenda popote.

Jumamosi nikamfuata shangazi Subilaga
kwenye banda la kufungashia parachichi.
Shangazi aliishia la saba.
Kiingereza chake kakiokota kwenye maboksi.

"Soma hapa," akanionesha ubavuni.
*Disi saidi apu.*
"Mwaka wa kwanza nilimtafuta huyo Saidi.
Nikamuuliza mlinzi, nikamuuliza dereva wa lori la baridi.
Nikajua ndiye tajiri mwenyewe, hajawahi kufika.
Siku moja nikapanga maboksi kichwa chini,
wakanikata elfu nane,
ndipo nikauona mshale.
Saidi ni upande, mwanangu. Upande huu juu."

*Kipu kuli.*
"Hapo nikafurahi: hata makuli wametajwa!
Kumbe ni baridi tu wanataka."

*Hendo wizi kea.*
"Hili lilinikosesha usingizi.
Nikasema, wametuandika wezi, na jina la kijiji hapo chini.
Wiki nzima sikuchukua hata lililopasuka."
Akanyanyua parachichi moja kwa viganja viwili,
akalilaza kwenye karatasi
kama mtoto aliyesinzia baada ya kulia.
"Maana yake ni hivi."
Hakutafsiri. Aliniachia nifanye,
moja, la pili, la hamsini,
mpaka mikono yangu ikaanza kulitamka.

Saa nne akashuka mnunuzi,
buti zake safi kuliko sahani zetu.
Akachukua tunda, akalibonyeza kwa dole gumba.
Akachukua jingine. Akabonyeza.
La tatu likabaki na shimo.
Msimamizi akacheka kicheko cha kazi.
Shangazi akafuta mikono kwenye kitenge.

"Hendo wizi kea!"

Banda likanyamaza, na mvua ikasikika juu ya bati.
Mzungu akatoa kidole
kama aliyegusa sufuria jikoni.
"Sori," akasema. "Sori, mama."
"Ndaga," akajibu shangazi,
maana asante
bado hajaikuta kwenye boksi.

Jioni aliniona nakivaa kibao, nisije nikakisahau.
Hakuuliza kosa.
Alikigeuza, akachukua kalamu ile nene ya kuandikia uzito,
akaandika nyuma, herufi zimelala kama migomba baada ya upepo,
maneno yale matatu ya Saidi
na mshale mrefu kuelekea kidevuni kwangu.

Jumatatu Mwalimu Mwandambo alinyoosha mkono kukipokea.
Akasoma mbele.
Akakigeuza, akasoma nyuma.
Akakigeuza tena.
Kengele ililia, wenzangu wakatoka,
naye alikuwa bado amekishika,
kwa viganja viwili,
akitafuta wapi ni juu.