Kishona Nguo

Nimerudi dukani jana, kutoka mazikoni Uru,
suruali nyeusi imejaa sindano zako hadi magotini.
Mteja anataka Panadol. Namhesabia chenji
huku mkono wa kushoto unakung'oa, moja, moja,
unazipanga kwenye kioo cha kaunta.

Wenye kahawa hawakupendi.
Wanakupalilia masika yote, nawe unachipua
kabla tope halijakauka kwenye jembe.
Mtoto wa shule unamtia aibu mstarini:
"Wewe, umelala kichakani?"

Shangazi Aikaruwa peke yake alikuita Fundi.
"Kamleteni Fundi," alisema, siku kwanja
liliponipitia unyayoni, nikikata majani ya ng'ombe
kando ya mfongo.
Akakutafuna. Meno yake nayasikia mpaka leo,
na ule uchungu wa kijani pembeni mwa mdomo;
akakutema kidondani, akakaza kwa gamba kavu la mgomba.
Niliwaka! Nilimwita mama, nikamwita na mama yake mama.
Damu ikasita
kama mkwe mlangoni.

Tumbo likichafuka, ni wewe, maji ya moto, kikombe cha bati.
Kifua, wewe.
Mwaka ule mahindi yalipokauka yakiwa magotini
tulikula majani yako machanga kwa chumvi,
tukasema ni mboga, na mboga ukawa.

Lakini sitakupamba.
Homa ya Ndeshi, mdogo wangu, hukuiweza.
Siku tatu shangazi alikuchemsha, alikukoroga, alikuombea;
ya nne tukambeba mgongoni kushuka hospitali
na mvua ilikuwa imekata barabara.
Baada ya hapo, mtoto akipata joto tu
shangazi alikuwa wa kwanza kuvaa viatu.
"Fundi anashona," alisema. "Kuna yanayochanika
mahali ambapo sindano haifiki."
Mimi nikasomea dawa. Hakuniuliza kwa nini.

Juzi, tulipomshusha kaburini, kati ya migomba,
ulikuwa umesimama pande zote na maua yako madogo meupe,
na hakuna aliyetoka pale bila kushikwa:
mchungaji kwenye joho, wajukuu kwenye soksi,
hata binamu Elinami, aliyekuja na suti ya Nairobi.

Thelathini na nne. Kapu la taka liko miguuni.
Nachukua bahasha ndogo ya vidonge,
nazitia, naandika jina: Aikaruwa.
Kutwa mara ngapi, pameachwa wazi.

"Hiyo nayo ni dawa?" mteja anauliza.
Bado hajaondoka.
Kwenye pindo la kanga yake, naona, zimo mbili.